Shujaa wa Kike Asihukumiwe kwa Mavazi Yake

Hapa Luberizi na katika bonde zima la Ruzizi, ubishi juu ya vitabu vya katuni vyenye shujaa wa kike umeingia majumbani mwetu. Baba anasema msichana anayeruka angani na kuwaangusha wanaume atamfunza binti yake ujeuri. Dada aliyesomea Bukavu anajibu kwamba picha hizo zitampa binti moyo. Wengi wa wanaobishana wameishia kwenye jalada.

Wenzetu wa mbali nao waligawanyika hivyohivyo. Wonder Woman, shujaa wa katuni aliyebuniwa Marekani mwaka 1941 na mwanasaikolojia William Moulton Marston, alitangazwa na Umoja wa Mataifa tarehe 21 Oktoba 2016 kuwa balozi wa heshima wa wanawake na wasichana. Baadhi ya wafanyakazi wa Umoja huohuo walilipa mgongo jukwaa la sherehe, na watu karibu 45,000 wakatia saini kupinga. Walisema mwanamke mweupe aliyeacha mapaja wazi, aliyevikwa rangi za bendera ya Marekani, hawezi kuwasemea wasichana wa dunia. Kabla ya mwaka kwisha, ubalozi ule ulikoma.

Nawaunga mkono waliopinga, ila kinachoniuma mimi si mapaja. Mwezi huohuo wa Oktoba, wanawake saba waliowania ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kupitwa, kiti kikapewa mwanamume. Mwanamke wa karatasi alitunukiwa, walio hai wakaachwa wamesimama.

Basi tumpime shujaa kwa lipi? Mwaka 2014 kilitoka kitabu cha Priya's Shakti, kisa cha binti wa kijijini India aliyebakwa. Alipokimbilia nyumbani, jamaa zake walimlaumu na kumfukuza. Baadaye anarudi kijijini amepanda chui milia, akisema hadharani yale aliyoambiwa ayanyamazie. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu: adui wa kitabu hiki si wabakaji peke yao. Ni pia mlango wa nyumbani uliofungwa. Ndiyo maana wazee wengine hawatakipenda. Kinawasema wao.

Kinatusema na sisi wa Kivu Kusini. Rebecca Masika Katsuva wa Minova, wilayani Kalehe, mumewe aliuawa mwishoni mwa miaka ya 1990, akabakwa yeye na binti zake, kisha ndugu za mumewe wakawatoa nyumbani. Mama huyu hakuwa na chui wala mabawa. Alifungua nyumba yake kwa wanawake waliofikwa na yaleyale na kwa watoto wasio na wa kuwalea, akawalisha, akalima nao. Alishambuliwa tena kwa sababu ya kazi hiyo, naye hakuiacha mpaka alipofariki Februari 2016. Anayesema mwanamke shujaa ni ndoto ya Wazungu, aende Minova akaulize.

Kwa hiyo, wazazi, msimnyang'anye binti kitabu. Kaeni naye mkisome mpaka mwisho, kisha mwacheni aseme kwanza, hata kama asemayo yatawachoma. Walimu, wavulana nao wasome, maana wao ndio watakaokuwa na milango ya kufungua au kufunga.

Nanyi wachoraji, nchi hii haikukosa mikono. Tangu mwaka 1968 jarida la katuni la Jeunes pour Jeunes lilisomwa Kinshasa. Mata Mata na Pili Pili, wanaume wawili wa katuni za Mongo Sisse, walijulikana sana. Mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, anasomwa hadi Ulaya. Tuchoreeni Mama Masika. Mchoreni na kitenge chake na jembe lake, kwa Kiswahili ambacho binti wa Luberizi atakisoma bila mkalimani. Na ukurasa wa ndugu wanaomfukuza msiuruke.