Barafu ya Kilimanjaro na Mvua ya Afrika

Tangu mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kileleni mwa Kilimanjaro imetoweka. Mlima Kenya na milima ya Ruwenzori imepatwa na hali hiyo hiyo, na wataalamu wanakadiria kwamba huenda barafu yote ya Afrika ikaisha katika miaka ya 2040. Ni haki habari hii ifundishwe shuleni. Kosa huanza pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba barafu ikiisha, Mto Pangani nao utakauka.

Barafu hiyo ni kidogo mno kuweza kulisha mito. Sehemu kubwa ya maji ya chemchemi za Kilimanjaro hutokana na mvua inyeshayo juu ya msitu, ulioko kati ya mita 1,800 na 3,000 hivi. Maji hupenya katika miamba ya volkano, kisha hutokeza chini penye migomba na kahawa. Miti ya juu hunasa pia maji ya ukungu. Lakini ukame umerahisisha kuenea kwa moto, na moto umeuteremsha mpaka wa juu wa msitu. Hasara hiyo haivutii wapiga picha, ingawa ndiyo inayogusa maji ya wakulima. Barafu ni dalili. Dalili isidhaniwe kuwa ndiyo ugonjwa.

Kwa bara zima, jambo kuu ni mvua, kwa kuwa kusini mwa Sahara karibu kilimo chote huitegemea. Kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo mvua ikija huja kwa kishindo, na ikikatika udongo hukauka upesi. Ndiyo maana mafuriko na ukame hufuatana. Mwezi Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipanda hadi kimo kilicholingana na kile cha mwaka 1964. Mwishoni mwa mwaka huo huo ulianza ukame wa Pembe ya Afrika, ambako misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo.

Makadirio ya miaka ijayo yanaonyesha mvua pungufu kaskazini na kusini magharibi mwa bara. Kwa Afrika Mashariki, mengi yanaonyesha mvua zaidi, hali masika ilipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980. Mgongano huu haujatatuliwa, na hauwezi kutatuliwa bila vipimo. Afrika, ambayo hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya kaboni ya dunia, ina haki ya kudai fidia. Lakini mdai huhitaji daftari, na bara hili lina mtandao hafifu wa vituo vya hali ya hewa kuliko mabara mengine.

Hapo ndipo shule inapohusika. Kipimamvua ni chombo cha bei nafuu. Kikisomwa kila siku saa tatu asubuhi, na tarakimu zikaandikwa bila kubahatisha, shule itakuwa na hazina. Tabianchi hukadiriwa kwa wastani wa miaka 30. Mwanafunzi atakayeandika mstari wa kwanza leo anaweza kuwa mwalimu atakayeusoma wastani huo.