Rimu kubwa si kosa, kosa ni tairi unalolivisha

Simama kando ya raundabauti ya Githurai 45 Jumamosi jioni, kisha utazame barabara. Katikati ya makanga wanaoita abiria, bodaboda zinazopenya na mikokoteni ya viazi, itapita Benz nyeusi au Crown nyeupe, imeshushwa chini kidogo, rimu zinang'aa kama sufuria mpya. Dereva ni kijana wa rika lako. Utageuka kuangalia. Hata mimi hugeuka.

Kwa hivyo sijaja kukuhubiria kwamba gari ni la kukufikisha kazini tu. Sisi watu wa mitaa hii tumelelewa na matatu za 45 zenye michoro, taa na muziki wa kutikisa vioo. Mtu akituambia kwamba chombo cha usafiri hakina haja ya kupendeza, tutamcheka. Kupiga luku ni haki yako, na gari nalo lipige luku.

Hoja yangu ni moja tu: doo yako ianzie kwenye tairi, kisha ikibaki ndiyo iende kwenye rimu. Wengi wetu tunafanya kinyume, na kinyume hicho ni hatari kwako na kwa watu wasiojua hata jina lako.

Kwanza tuelewe magari haya yanatufikiaje. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Ndiyo maana sedani nyingi za kifahari kutoka Japani hushuka Mombasa zikiwa zinakaribia umri huo, bei ikiwa imeanguka kiasi cha kijana mwenye mkopo wa sacco kuifikia. Bei ya gari imeshuka, lakini bei ya kulitunza haikushuka nayo. Benz ya miaka saba bado inahitaji matairi ya Benz. Mtu akishamaliza kulipa gari, ushuru na bima, mfukoni hubaki kidogo, na hicho kidogo ndicho kinakimbilia rimu kwa sababu ndizo zinazoonekana.

Sasa chuchumaa karibu na gurudumu usome ubavu wa tairi. Tuseme una Mercedes C-Class yenye tairi la 225/50R17. Maana yake ni hii: tairi lina upana wa milimita 225, kimo cha ubavu wake ni asilimia 50 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Ubavu basi una kimo cha milimita 112 hivi. Ukipanda hadi rimu ya inchi 18 bila kubadilisha kimo cha gurudumu zima, utavaa 225/45R18, na ubavu utabaki milimita 101. Ukienda 19, utavaa 225/40R19, ubavu milimita 90. Ukitaka 20, 225/35R20 inakuachia chini ya milimita 80.

Umeona kinachofanyika? Gurudumu zima halijakua kwa kiasi cha kutajika. Kilichokua ni chuma, na kilichopungua ni mpira na upepo. Upepo huo ndio mto wa gari lako. Ndio unaopokea shimo kabla ya rimu, kabla ya shoki, kabla ya bushi, kabla ya mgongo wako.

Na mashimo tunayajua. Thika Superhighway, ile Rais Kibaki aliyoizindua Novemba 2012, ni laini na inakaribisha rimu za kila aina. Lakini gari halilali kwenye superhighway. Linatoka pale, linaingia upande wa soko, linaelekea Kimbo au Mwihoko, na msimu wa mvua ukifika hujui kama maji yaliyo mbele yako yana kina cha kidole au cha goti. Ubavu wa milimita 112 ukigonga ukingo wa shimo, pengine utasikia mshtuko tu. Ubavu wa milimita 79 ukigonga ukingo uleule, mpira hubanwa kati ya lami na rimu. Nyuzi za ndani hukatika, tairi hutoa uvimbe kama jipu ubavuni, na rimu hupinda.

Rimu ikipinda, tunampelekea fundi wa jua kali ainyooshe kwa moto na nyundo, na ikiwa na ufa aichomelee. Inapakwa rangi, inarudi ikiwa safi machoni. Lakini rimu ya aloi iliyopashwa moto hovyo hupoteza nguvu iliyotoka nayo kiwandani, na huwezi kuona udhaifu huo kwa macho.

Hilo ni la rimu. La tairi ndilo linaloniuma zaidi. Matairi mapya ya inchi 19 na 20 ni ghali, kwa hivyo msee aliyemaliza akiba kwenye rimu anaishia kununua ya mtumba. Muuzaji anamwonyesha meno, meno yako sawa, biashara imekwisha. Hakuna aliyesoma tarehe. Kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo. Hukauka, hupasuka nyufa ndogo ndogo na kupoteza mshiko kwenye lami yenye maji. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama meno yake bado yanapendeza.

Wahenga walisema umaridadi huficha umaskini. Hapa rimu ndiyo umaridadi, na tairi kuukuu ndilo umaskini unaofichwa.

Utaniambia, "Lakini mimi huendesha polepole." Polepole ya Thika Road ni ngapi? Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari hupita takriban mita 28 kila sekunde. Tairi la mbele likipasuka, gari huvutwa upande huo kabla hujamaliza kushtuka. Kando yako kuna matatu iliyojaa, na kuna watu wanaokatiza barabara hata pale penye daraja la miguu. Hao hawakuchagua rimu zako.

Utaniambia tena kwamba Benz yenyewe huuzwa na rimu za 19 kutoka kiwandani. Kweli. Lakini kiwanda hakikubahatisha. Kilichagua tairi lenye uwezo wa kubeba uzito wa gari hilo, na upepo unaolifaa. Baada ya ukubwa wa tairi kuna namba nyingine, kama vile 94 au 90. Namba 94 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 670, na 90 ni kilo 600. Ukishuka namba bila kujua, umepunguza kilo 70 kwa kila gurudumu, halafu Krismasi unapakia watu watano na gunia la viazi kutoka ushago.

Kwa hivyo ufanye nini kama bado unataka gari lisimame vizuri? Tuseme una Sh150,000. Desturi yetu ni Sh120,000 za rimu na Sh30,000 za matairi ya mtumba. Ninakuomba ugeuze hesabu. Panda inchi moja tu, kutoka 17 hadi 18. Nunua matairi manne mapya kwanza, yenye namba ya uzito isiyopungua ile ya awali. Kinachobaki ndicho kitafute rimu. Kama hakitoshi, osha na upake rangi zile za zamani, zisukume miezi sita, na uweke akiba. Gari lenye rimu za kiwandani na mpira mpya halina aibu yoyote.

Ukifika Kirinyaga Road au kwa muuzaji wa mtaani, usikubali jibu la "itaingia tu, bosi." Uliza maswali. Je, matundu ya boliti yanalingana? Mercedes nyingi hutumia matundu matano kwenye duara la milimita 112, ilhali Crown na Mark X hutumia matano kwenye milimita 114.3. Kwa jicho ni kitu kimoja, lakini si kitu kimoja. Je, tundu la katikati linakaa sawasawa, au rimu inaning'inia kwenye boliti pekee? Je, boliti ni za rimu hiyo? Boliti za kiwandani za Benz hukaa kwa umbo la mviringo kama mpira, na rimu nyingi za kununua kando hutaka boliti zenye umbo la koni. Ukichanganya, zinaweza kulegea ukiwa njiani. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu ndani, usikilize kama tairi linagusa.

Baada ya hapo lipeleke likafanyiwe alaimenti na balansi, na upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi. Tairi fupi halisamehe upepo mdogo. Mwambie pia mwenye bima yako kwamba umebadilisha, usije ukasubiri ajali ikuulize wewe.

Najua haya si maneno matamu. Hakuna anayepigiwa honi ya sifa kwa sababu tairi lake ni la mwaka huu. Lakini kabla ya wikendi kufika, toa simu, washa tochi, uinamie matairi yako yote manne na usome zile tarakimu nne. Kisha soma la akiba pia. Ukikuta ni la zamani kuliko kidato ulichokuwa ulipoanza kuota kumiliki gari hilo, basi unajua pesa zako zinazofuata zinaenda wapi.