Gari lililotumika na orodha ya matengenezo: lipi la lazima, lipi la biashara?

Meli za magari zinapotia nanga Dar es Salaam na Mombasa, sehemu kubwa ya shehena yake ni magari yaliyokwisha kutembezwa kwa miaka kadhaa katika barabara za Japani. Baadhi hubaki Tanzania na Kenya. Mengine huendelea na safari ya nchi kavu hadi Uganda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Serikali za ukanda huu zimelishughulikia kwa muda mrefu suala la umri wa magari hayo. Kenya, kupitia kiwango chake cha KS 1515:2000, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haikufunga mlango, bali huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Hata hivyo, sheria hizo zote hukoma pale gari linapopata namba za usajili. Kinachofuata, yaani gari litengenezwe nini, lini na kwa mkono wa nani, kimeachwa kati ya mwenye gari na fundi wake.

Mfano wa kawaida ni huu. Mtu amenunua Toyota Axio au Probox kwa akiba ya miaka mitatu, analipeleka kwenye gereji ya wakala rasmi akitaka kubadilisha oili tu, na anarudishiwa karatasi ya makadirio yenye kazi kumi na mbili. Kuna kusafisha injini kwa kemikali, kusafisha nozeli, kubadilisha mafuta ya gia, ya breki na ya usukani, kujaza gesi ya kiyoyozi, kujaza naitrojeni kwenye matairi, na mengineyo. Jumla yake ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Anaondoka, anakwenda kwa fundi wa mtaani, Gerezani kama yuko Dar es Salaam, Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, Buyenzi kama yuko Bujumbura. Fundi anaitazama karatasi, anacheka, anasema hiyo yote ni biashara, mwaga oili uende zako.

Wote wawili wamesema nusu ya ukweli, na hasara ya mwenye gari hutoka katika nusu iliyobaki.

Karatasi ya wakala huchanganya vitu vya asili mbili tofauti. Kuna kazi zilizoagizwa na kiwanda katika kitabu cha gari, na kuna kazi zilizoongezwa na gereji yenyewe kwa sababu zina faida nzuri na hazichukui muda. Kwenye karatasi zote zimepigwa chapa kwa herudi zilezile, wala hakuna mstari unaozitenganisha. Swali la kwanza la mteja basi si bei, bali ni hili: kazi hii imeandikwa katika ukurasa gani wa kitabu cha kiwanda? Ugumu ni kwamba kitabu kilichokuja na gari kutoka Japani kimeandikwa kwa Kijapani, na wengi hukitupa wiki ya kwanza. Toleo la Kiingereza la gari lilelile, au la ndugu yake wa karibu aliyeuzwa katika masoko mengine, mara nyingi hupatikana kwenye intaneti bila malipo. Saa moja ya kulisoma ina thamani kuliko ushauri wa mafundi watano.

Hata kitabu nacho kinahitaji kusomwa kwa akili. Kwa injini nyingi za kawaida za petroli, Toyota nchini Japani huelekeza oili ibadilishwe kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa matumizi magumu inaelekeza nusu yake, yaani kilometa 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu maana yake ni vumbi, milima, safari fupi fupi na injini kuunguruma muda mrefu bila gari kwenda. Atakayejiuliza kama teksi ya Bujumbura au Mwanza imo katika kundi hilo hana haja ya kusubiri jibu. Wakala anayetaka oili ibadilishwe mapema kuliko ilivyokuwa Japani hajaiba. Anayetaka ibadilishwe kila mwezi bila kuuliza gari limetembea kilometa ngapi, huyo ana shida nyingine.

Kilometa zenyewe ni mtihani. Geji hurudishwa nyuma, na jambo hilo si siri katika biashara ya magari ya mitumba. Mwenye gari anaweza kuanza na cheti cha usafirishaji kilichotolewa Japani, ambacho huwa na kumbukumbu ya kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima. Kisha afungue mlango wa dereva na kuchungulia ndani ya boneti. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika vikaratasi vyenye tarehe na kilometa za mara ya mwisho oili au mkanda ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zilezile. Kikaratasi kinachosema kilometa 112,000 katika gari ambalo geji yake inasoma 68,000 kimekwisha kutoa ushahidi wake.

Ushahidi huo una uzito kuliko popote katika suala la mkanda wa taimingi. Injini nyingi za Toyota za karne hii, zikiwemo za Vitz, Axio na Probox za petroli, hutumia mnyororo, ambao hauna tarehe ya kubadilishwa maadamu oili inabadilishwa kwa wakati. Lakini injini kadhaa za dizeli za Hilux, Prado na Hiace, na magari mengi ya zamani, hutumia mkanda wa mpira, na kiwanda huutaka ubadilishwe kati ya kilometa 100,000 na 150,000 kutegemea injini. Mkanda hautoi sauti wala dalili. Siku unapokatika, katika injini nyingi pistoni hugonga vali, na kazi ambayo ingekuwa ya nusu siku hugeuka kuwa ununuzi wa injini nyingine. Kwa hiyo gari la mkanda lisilo na kumbukumbu ya kuaminika libadilishiwe mkanda mara tu linaponunuliwa. Kwa gari la mnyororo, kuandikiwa kazi hiyo ni dalili kwamba aliyeandika karatasi hakufungua boneti.

Gia ni mahali ambapo fundi wa mtaani hukosea kwa gharama kubwa. Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana gia za aina ya CVT, ambazo ndani yake hakuna gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Zinahitaji mafuta yake maalumu: ya Toyota si ya Nissan, na ya Nissan si ya Honda. Fundi anayemimina mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, kwa imani kwamba otomatiki ni otomatiki, anaweza kuiua gia katika muda mfupi, na mteja akarudi kumlaumu muuzaji. Kazi hii, hata ikiwa ghali, ni miongoni mwa zile chache ambazo wakala huistahili fedha yake, au angalau mafuta yanunuliwe kwa jina lililoandikwa kwenye kitabu na kopo lifunguliwe mbele ya mwenye gari.

Mafuta ya breki nayo hudharauliwa kwa sababu hayaishi. Hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na viwanda vingi huelekeza yabadilishwe takriban kila miaka miwili. Yakiwa yamejaa maji, huchemka breki zinapopata moto, na kanyagio huzama hadi sakafuni. Dereva wa barabara tambarare anaweza asijue kamwe. Anayeteremka kutoka Bugarama kuingia Bujumbura, au mlima Kitonga kule Iringa, atajua siku hiyo hiyo. Matairi ni vivyo hivyo: pembeni yake kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limezeeka likiwa ghalani.

Kuhusu maji ya rejeta, desturi ya kujaza maji ya bomba imeharibu injini nyingi kimyakimya kwa kutu. Maji ya rangi ya waridi yaliyowekwa na Toyota katika magari yake mengi mapya hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilometa 160,000, kisha kila 80,000. Anayetaka kuyabadilisha kila huduma anauza, na anayeyamwaga na kuweka ya bomba anaharibu.

Yaliyobaki katika karatasi ile yanaweza kukatwa kwa kalamu moja. Kusafisha injini kwa kemikali hakumo katika ratiba ya kawaida ya matengenezo ya kiwanda, na katika injini kuukuu uchafu unaong'olewa unaweza kwenda kuziba njia za oili. Nozeli husafishwa injini ikikohoa au ikila mafuta kupita kiasi, si kwa kalenda. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba tundu ni kulipia upepo. Ama naitrojeni ya matairi, hewa ya kawaida ya bure tayari ina naitrojeni asilimia 78.

Hoja ambayo mawakala huitumia mwisho ni dhamana: ukitengeneza nje, dhamana inavunjika. Kwa gari jipya hoja hiyo ina nguvu, ingawa dunia inaanza kuipunguza. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kumfunga mteja kwa gereji moja kama sharti la dhamana, na Afrika Kusini, kupitia miongozo ya Tume yake ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 2021, imeruhusu wenye magari kuyapeleka kwa mafundi huru hata wakati dhamana inaendelea. Lakini kwa gari la miaka minane lililoshushwa melini, kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji ilikwisha likiwa bado Japani. Mteja anatishwa kwa kitu asichonacho. Njia ya kati, ambayo baadhi ya wenye magari huifuata, ni kumlipa wakala ukaguzi peke yake, kupata ripoti kwa maandishi, kisha kuchagua kazi ipi ifanyike pale na ipi ipelekwe kwa fundi anayeaminika.

Ipo huduma moja ambayo haionekani kwenye karatasi yoyote, labda kwa sababu haina faida kwa muuzaji. Ni ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa katika makumi ya mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na wengine, hasa yaliyotengenezwa kati ya mwanzo wa miaka ya 2000 na katikati ya miaka ya 2010. Kemikali inayoujaza mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unapofyatuka katika ajali hata ndogo, kasha lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kifuani na shingoni mwa dereva. Nchini Marekani pekee zaidi ya watu 20 wamekufa. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017, lakini watengenezaji wa magari waliendelea kuyaita magari hayo yabadilishiwe vifaa bila malipo.

Magari ya umri huo yangali barabarani Tanzania, Burundi na Kongo, na hali ya hewa ya pwani ya Bahari ya Hindi na ya mwambao wa Tanganyika ndiyo hasa inayoiharibu kemikali hiyo. Namba ya chasisi, iliyo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti, ikiingizwa katika tovuti ya mtengenezaji huonyesha kama gari limeitwa na kama lilikwisha kutengenezwa kabla ya kuuzwa nje. Kwa wakala rasmi, hilo ndilo swali la kwanza kuuliza, kabla ya kuipokea karatasi ya makadirio.