Ogopa krimu inayoponya kwa siku tatu

Safu ya KANDO YA ZIWA
Na Pendo Masalu

Kiangazi kikiingia Nyegezi, hapa Mwanza, vumbi la barabarani na upepo wa ziwani vikishirikiana, swali la wazazi wenye watoto wadogo huwa moja: "Mafuta gani ni mazuri kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi?" Nimeulizwa stendi, nimeulizwa kanisani, na juzi nimeulizwa na kijana anayesoma pale chuo kikuu cha SAUT ambaye ndiyo kwanza amepata mtoto. Kila anayeuliza anataka jina. Anataka nimtajie kopo moja, alinunue leo, na usiku watu walale.

Jina sina, na sidhani kama linahitajika.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto 550 wenye pumu ya ngozi. Waliwagawa watoto hao kwa bahati nasibu katika makundi manne: la kwanza losheni, la pili krimu, la tatu jeli, la nne mafuta mazito. Wakawafuatilia kwa wiki 16, wazazi wakijaza namna mtoto alivyowashwa na alivyolala. Hakuna kundi lililolishinda jingine. Ushauri uliotoka humo ni kwamba mafuta bora ni yale ambayo mtoto anayakubali na mzazi ataendelea kuyapaka.

Utafiti ule haukuwa wa bei, lakini unatupunguzia wasiwasi sisi wenye mifuko myepesi. Kopo la mafuta ya mgando lililopo dukani kwa Mangi, likiwa halina manukato na likapakwa kila siku, si la kudharauliwa mbele ya chupa ya bei kubwa yenye maandishi ya Kifaransa.

Tuelewe kwanza tunapaka kwa nini. Mafundi wa mitumbwi huku ziwani huziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta. Kalafati ikiachia, mtumbwi unavuja. Ngozi nayo ina mafuta yake ya asili kati ya chembe na chembe, na kwa watoto hawa mafuta hayo ni haba, wengi kwa kuzaliwa. Maji ya mwilini yanapotea hewani, huku vumbi, jasho na sabuni vikipata pa kupenyea. Ngozi inavimba, inawasha, mtoto anajikuna, na ufa unazidi kupanuka. Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na uchafu wa mama wala kijicho cha jirani. Chunguza ukoo, mara nyingi utamkuta mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Na watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Vitabu vingi husema ngozi "inakuwa nyekundu". Kwa mtoto mweusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au iliyopauka kijivu, vipele vidogo vilivyosimama kwenye vinyweleo, na ngozi nene yenye mistari kwenye viwiko, nyuma ya magoti na kwenye vifundo vya miguu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari jijini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kitabu cha picha za magonjwa kwenye ngozi nyeusi, baada ya kuona kwamba masomoni wanaonyeshwa ngozi nyeupe. Na si kila muwasho ni pumu ya ngozi. Kama nyumba nzima inajikuna usiku na vipele viko katikati ya vidole, huenda huo ni upele, na dawa yake wanapewa wote wanaolala nyumba hiyo. Duara lenye ukingo ulioinuka huenda ni fangasi. Ndiyo maana mtoto aonwe kwanza na mganga wa zahanati, ndipo mtu aende dukani.

Sasa twende kwenye rafu. Mafuta ya mgando, yale meupe yasiyo na harufu, ndiyo ya kuanzia. Hayana maji, kwa hiyo hayahitaji vihifadhi vingi ambavyo vinaweza kumchoma mtoto, na yanazuia maji kupotea kuliko mafuta mengi ya kimiminika. Kosa lake ni kunata na kumpa mtoto joto, na kwa jua letu la saa nane mchana mtoto anaweza kuyakataa. Basi mchana mpake krimu nyepesi, usiku umpake mgando. Epuka kopo la rangi ya waridi lenye harufu ya maua na picha ya mtoto wa Kizungu akicheka. Harufu hiyo ni ya kumfurahisha mnunuzi, na manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoichokoza ngozi hii.

Mafuta ya kupikia nayo yana wafuasi wake. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield waliwapaka watu wazima wachache mafuta ya mzeituni na ya alizeti mikononi, kisha wakapima ngozi. Ya mzeituni yaliidhoofisha kinga ya ngozi, ya alizeti hayakuidhoofisha. Kwa hiyo ile chupa ndogo ya mzeituni iliyoombewa tuiache, na tusione haya kutumia alizeti safi ya Singida pale mgando unapokosekana. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuchomwa yalionyesha matokeo mazuri kwa watoto wa Ufilipino mwaka 2014. Ya karanga tusiyapake kabisa kwenye ngozi iliyochubuka, kwani utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 uliyahusisha na mtoto kupata mzio wa karanga baadaye.

Tatizo kubwa zaidi kuliko aina ni kiasi. Miongozo ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Hiyo ni kilo moja au zaidi kwa mwezi, kwa mtoto mmoja! Huku kwetu kikopo cha mililita 50 kinapakwa na baba, mama na watoto watatu, na mwisho wa mwezi kinakwanguliwa kwa kidole. Halafu tunasema, "Mgando tumejaribu, haukusaidia." Nunua kopo kubwa kuliko yote uliyoyaona, liandikwe jina la mtoto, na wengine wasiliguse. Chota kwa kijiko kisafi, maana vidole vinaingiza vijidudu koponi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, bila dodoki, bila sabuni ya mche na bila dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni. Mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, kisha umpake ngozi ikiwa bado na unyevu, kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Rudia mchana na kabla ya kulala.

Kwa wenye mtoto mchanga mwenye ngozi nzima, msihangaike kumpaka mkitarajia kuukinga ugonjwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, wenye watoto zaidi ya 1,300, haukuona kinga yoyote.

Nimefika kwenye kilichonifanya niandike wiki hii. Nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la dawa, na mbele yangu alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akisugua shavu kwenye kanga ya mama yake bila kupumzika.

"Dokta, huyu halali. Anajikuna mpaka damu."

Kijana wa kaunta hakumgusa mtoto. Alivuta droo, akatoa tyubu nyembamba. "Chukua hii, mama. Asubuhi na jioni. Siku tatu tu, utakuja kunishukuru."

Upande wa nyuma wa tyubu ile kulikuwa na maandishi madogo ya dawa tatu: ya fangasi, ya bakteria, na betamethasone.

Mama yule atashukuru kweli. Betamethasone ni steroidi yenye nguvu, na muwasho utazimika kabla Jumapili haijafika. Ikiisha tyubu, ugonjwa utarudi, pengine kwa hasira zaidi. Atanunua ya pili na ya tatu. Shavu la mtoto ndipo ngozi ilipo nyembamba, na dawa inayopakwa hapo kwa miezi huifanya iwe nyembamba zaidi, mishipa ikaonekana. Kama tangu mwanzo ilikuwa fangasi, itaenea chini kwa chini huku juu pakionekana pamepona. Sehemu ya dawa hiyo huingia mwilini na inaweza kuvuruga homoni, na mtoto mdogo ndiye aliye hatarini zaidi, hasa ikipakwa chini ya nepi. Kinachoniudhi kuliko vyote ni sifa za majirani: "Mtoto amekuwa mweupe, mnampaka nini?" Steroidi kali zinapausha rangi, na ndizo zinazowekwa kwenye baadhi ya mikorogo ya dada zetu. Mtoto wa miezi minane anapigwa mkorogo kwa jina la tiba, na ukoo unashangilia.

Nisieleweke vibaya. Steroidi si sumu. Mgando peke yake hauzimi ngozi iliyokwisha kuwaka, na daktari anaweza kuandika hydrocortisone ya asilimia 1, steroidi dhaifu, kwa siku chache, sehemu iliyowaka tu. Kipimo chake kinajulikana: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Steroidi inazima moto na inaondoka. Mafuta ndiyo yanayobaki mwaka mzima. Ninachokipinga ni steroidi kali isiyotajwa jina, inayouzwa kwa mtoto ambaye hakuna aliyemkagua.

Yapo na ya nyumbani yanayoharibu kazi ya mafuta. Mwanza ina joto, lakini mtoto wetu anavalishwa sweta la nyuzi, kofia na soksi, kisha anafungwa blanketi. Jasho linamwasha, sweta linamchoma. Mvalishe pamba nyepesi, mkate kucha. Kuna mabibi wanaoagiza mtoto aachishwe mayai, maziwa, samaki na dagaa. Bibi tunamheshimu, lakini mtoto akinyimwa dagaa katika nyumba ambayo dagaa ndiyo mboga ya kila siku, utamtibu ngozi umletee utapiamlo. Chakula kiondolewe pale tu daktari amethibitisha kwamba ndicho chanzo. Na tuangalie moto. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kwamba nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya aina hii hushika moto haraka, na kuyafua hakumalizi hatari. Aliyepakwa mgando asilazwe karibu na jiko la mkaa, mshumaa wala koroboi. Akitoa usaha au magamba ya njano, akipata homa, au malengelenge madogo yakitokea kwa kundi na kumuuma, hospitali siku hiyo hiyo.

Haya yote ni ya wazazi. Wenye ofisi nao wana yao.

Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, na dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa, TMDA. Krimu yenye steroidi inayouzwa kama kipodozi iko katikati ya ofisi hizo mbili, na mtoto hajui ni ofisi ipi ilitakiwa kumlinda. Zikague kwa pamoja, rafu kwa rafu, kuanzia maduka yanayozunguka stendi.

Pia tuache kuona mafuta haya kama urembo. Moshi wametuonyesha njia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kilichofunguliwa mwaka 1992, kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo kinatengeneza Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Mafuta hayo yanagawiwa bila malipo, na yamefika hadi huku Kanda ya Ziwa. Kama krimu ngumu kuitengeneza inaweza kukorogwa chini ya Kilimanjaro ikatufikia, marhamu ya kulainisha ngozi ni kazi nyepesi zaidi. Kanuni yake iko kwenye vitabu vya wafamasia kwa miaka mingi: nta ya kuchanganyia asilimia 30, mgando mweupe asilimia 50, parafini ya kimiminika ya matumizi ya tiba asilimia 20. Yayeyushwe pamoja, yakorogwe mpaka yapoe. Parafini hiyo si mafuta ya taa ya koroboi, na hii si kazi ya jikoni kwako. Ni kazi ya maabara ya famasia, na Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo kikuu chenye shule ya famasia ubavuni mwake.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha bima kinachomlipia mtoto tyubu ya steroidi na kumkatalia kilo ya mgando kitakuwa kinamlipia arudi hospitali. Mgando uandikwe kama dawa, kwa kilo, utolewe kliniki ya watoto kwenye dirisha lile lile la dawa nyingine. Mbunge wetu na madiwani wa Nyamagana wakija kuomba kura, hilo nalo waulizwe.