Seva ikianguka, prosesa moja haitoshi

Seva kubwa ya benki ikianguka usiku, agizo kutoka juu huwa moja: iwasheni upesi, wateja wanasubiri. Mafundi hutii. Mashine inarudi, miamala inaendelea, na chanzo cha anguko kinafutika pamoja na yote yaliyokuwa kwenye memori.

Linux ina dawa ya hilo tangu 2005, nayo ni kdump. Sehemu ya memori hutengwa mapema na kupakiwa kerneli ya pili inayokaa tayari. Kerneli kuu ikianguka, ya pili hushika usukani bila kupitia baiosi, husoma memori ya mwenzake na kuandika nakala yake kwenye faili liitwalo vmcore. Faida ya nakala za aina hii ilionekana Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilipoangushwa na sasisho la kampuni ya CrowdStrike. Kwa kuchambua nakala hizo, Microsoft ilithibitisha kwamba draiva ya kampuni hiyo ilisoma memori nje ya mipaka yake.

Tatizo ni muda. Kwa kawaida kerneli ya pili huwashwa na prosesa moja tu, hata mashine ikiwa nazo 64. Terabaiti 1 ikisomwa na kubanwa kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde huchukua dakika 83. Programu ya makedumpfile hupunguza mzigo kwa kuruka kurasa tupu na zisizotumika, lakini kwenye seva ya hifadhidata kinachobaki bado ni kikubwa. Hapo ndipo meneja anapochoka kusubiri na kuamuru kdump izimwe kabisa.

Wanaong'ang'ania prosesa moja wana hoja. Kwenye mashine za x86, anguko likitokea kwenye prosesa isiyo ile iliyowasha mashine, kerneli ya pili ikijaribu kuiamsha hiyo ya kuwashia, ishara yake huirudisha kwenye baiosi. Mashine huganda au kujiwasha upya, na nakala haipatikani.

Lakini hoja hiyo ilijibiwa 2014, Linux 3.14 ilipoleta kigezo cha disable_cpu_apicid. Kwenye kerneli za kabla ya Linux 6.9 ya 2024, fundi husoma mstari wa "initial apicid" kwenye /proc/cpuinfo, akapata namba ya prosesa ya kuwashia, mara nyingi 0, kisha huiambia kerneli ya pili iiache; kuanzia 6.9 kigezo hicho kimeondolewa na kerneli huiacha yenyewe. Akiongeza kigezo cha nr_cpus=4, yaani prosesa nne, na kuipa makedumpfile chaguo la --num-threads=3, kazi ya kubana hugawanywa. Diski ikiwa na kasi ya kutosha, zile dakika 83 zinaweza kushuka sana.

Gharama ipo. Kila prosesa inayoongezwa hula memori iliyotengwa, hivyo kigezo cha crashkernel, kinachopanga ukubwa wa sehemu hiyo, nacho kiongezwe, la sivyo kerneli ya pili itakwama kwa kukosa nafasi. Seva ya gigabaiti 16 haihitaji hangaiko hili. Yenye terabaiti inalihitaji.

Mashirika yanayotegemea seva kama hizo yasipokee mashine mpya kabla ya kuiangusha kwa makusudi. Kuandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger kunatosha. Jaribio lifanyike mara mbili, kwanza kutoka prosesa ya kuwashia, kisha kutoka nyingine kwa amri ya taskset, na muda wa kila nakala uandikwe kwenye hati ya makabidhiano.