Nafuu Si Kupona

Lugha yetu imejaliwa vitenzi tele vya maradhi. Mtu huugua, huzidiwa, hupata nafuu, kisha hupona au hufa. Huo ndio mpangilio tuliouzoea, na ndiyo sababu ugonjwa wa kisukari unatutatiza, kwani haufuati mpangilio huo hata kidogo.

Mara nyingi nimesafiri baina ya Kitale na Bungoma kuwajulia hali jamaa zangu. Swali ninaloulizwa na wenye maradhi haya ni moja: "Mwalimu, nitapona lini?" Mjomba wangu wa upande wa Bungoma alipoona kiu imepungua na haamki tena usiku kwenda haja, aliacha dawa. Zahanatini alikuwa ameambiwa ameze vidonge apate nafuu. Naye nafuu alikwisha kuipata. Sentensi ile haikuwa na kosa la sarufi, lakini ilimgharimu vidole viwili vya mguu.

Sukari ikizidi damuni miaka nenda miaka rudi, huharibu mishipa midogo ya damu pamoja na neva. Macho hufifia, figo hudhoofika, nyayo hufa ganzi. Mkulima anayepalilia mahindi pekupeku huko Trans Nzoia hukanyaga mwiba asijue. Kidonda huoza bila uchungu, na kwetu sisi kisichouma hakihesabiwi kuwa ugonjwa.

Jina lenyewe nalo linapotosha. Bungoma ni nchi ya miwa, na wapo wanaoapa kwamba kisukari ni adhabu ya walafi wa vitamu. Je, mtoto ambaye mwili wake umeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, amekula miwa mingapi? Kabla ya 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini la kuishi. Leo aweza kufikia uzee, mradi asiikose sindano.

Wataalamu huyaita maradhi haya "sugu". Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Tena twasema mhalifu sugu, mlevi sugu. Si ajabu mgonjwa akidhani anashutumiwa. Mimi ningesema "ugonjwa wa kudumu", maana neno hilo humwambia mtu ukweli wa muda bila kumtia hatiani.

Nawaomba walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa sayansi pia, walichukue jambo hili kuwa somo. Tusiwaachie madaktari peke yao, ambao wana foleni ndefu mlangoni. Katika nyumba nyingi mwanafunzi ndiye anayemsomea nyanya yake maandishi ya pakiti ya dawa. Akifahamu kwamba kupata nafuu ni dalili ya dawa kufanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha, hataificha pakiti kabatini. Na jioni, kabla ya kulala, atashika taa amkague nyanya nyayo zake.