Kahawa ya Kalinzi na Kloraidi ya Lanthanamu

Madini adimu yanapotajwa, watu wengi hufikiria sumaku za mitambo ya upepo na za magari ya umeme. Ni nadra kumfikiria mkulima wa kahawa wa Kalinzi, katika vilima vilivyo kaskazini mwa mji wa Kigoma. Hata hivyo chumvi moja ya madini hayo, kloraidi ya lanthanamu, inahusiana na shamba la mkulima kama huyo. Uhusiano wenyewe unafundisha jambo ambalo taifa halina budi kulizingatia: thamani kubwa ya madini haya haimo katika jiwe, bali imo katika kemia ya kulifungua jiwe hilo.

Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, maji yapenyayo ardhini huchukua kalsiamu na magnesiamu, na kuuacha udongo ukiwa na asidi. Asidi ikizidi, aluminiamu huyeyuka na kudhuru mizizi. Dawa yake ni chokaa, lakini chokaa inayomwagwa kwa kubahatisha ni fedha iliyofukiwa. Yafaa kwanza udongo upimwe. Njia mojawapo ya kupima inatokana na kazi ya Alan Walsh wa Australia, aliyoitangaza mwaka 1955: maji yaliyotolewa katika udongo hupulizwa ndani ya mwali wa moto wa hewa na asetilini, na wingi wa kalsiamu hujulikana kwa kadiri atomi zake zinavyofyonza mwanga.

Hapo ndipo hutokea kizuizi. Fosfeti iliyomo hushikamana na kalsiamu na kuunda kitu ambacho mwali huo hauwezi kukivunja chote. Aluminiamu nayo huleta taabu ya namna hiyo. Chombo husoma kalsiamu pungufu kuliko iliyopo. Mkemia huondoa kasoro hiyo kwa kuongeza kloraidi ya lanthanamu kidogo. Lanthanamu hujitwalia fosfeti, na kalsiamu huachwa huru kupimwa. Pasipo matone hayo, mkulima angeweza kushauriwa kununua chokaa asiyoihitaji.

Chumvi hiyo haipatikani kwa urahisi. Carl Gustaf Mosander wa Sweden aliigundua lanthanamu mwaka 1839, akaipa jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha. Jina hilo linaistahili, kwa kuwa ndani ya mawe lanthanamu hukaa pamoja na seriamu, praseodimiamu na neodimiamu, ambazo tabia zake zinakaribiana mno. Jiwe la bastnasaiti likichomwa, kisha likatiwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, sehemu kubwa ya seriamu hubaki bila kuyeyuka, na nyingine hugeuka kloraidi na kuingia majini. Kuzitenganisha hizo nyingine kunahitaji kuzipitisha mara nyingi kati ya maji na mafuta yenye kemikali inayozichagua. Hata baada ya kutenganishwa, kloraidi ya lanthanamu ina masharti yake: fuwele zake hubeba maji, na zikipashwa moto ovyo hewani hugeuka oksikloraidi.

Tanzania haina upungufu wa mali ghafi ya kazi hii. Bastnasaiti ipo Ngualla, mkoani Songwe. Chumvi ya Uvinza, katika mkoa uleule wa Kigoma, imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Na umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi hutoa klorini na hidrojeni, ambazo zikiunganishwa hutoa asidi ya hidrokloriki. Kinachopungua ni mazoea ya kuunganisha hivi viwili.

Mwaka 2017 nchi ilizuia kusafirisha makinikia nje na kutunga sheria za kutaka thamani iongezwe nyumbani. Mwaka 2023 leseni ya Ngualla ilitolewa, Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16. Lakini mpango wa awali wa mradi ulikuwa kusafishia madini Teesside, Uingereza, na mwaka huohuo ulitiwa saini mkataba wa kuyauzia makinikia hayo kampuni ya Shenghe ya China. Nchi jirani ya Burundi imekwisha kuonja njia hiyo: makinikia ya Gakara yalianza kuuzwa nje mwaka 2017, na mwaka 2021 serikali ikasimamisha kazi ikisema nchi haipati fungu lake. Asiyejua kutenganisha si rahisi ajue anachouza.

Watakuwapo watakaosema kwamba lanthanamu ni rahisi sokoni, na kwamba fedha imo katika neodimiamu. Ni kweli. Lakini anayeweza kutengeneza kilo moja safi ya kloraidi ya lanthanamu amejifunza hatua zilezile zinazoongoza kwenye neodimiamu, na amejifunza kwa kitu ambacho makosa yake si ya gharama kubwa. Wengine watataja taka, nao wana haki. Huko Bukit Merah, Malaysia, kiwanda cha madini adimu kilifungwa katika miaka ya 1990 baada ya wananchi kupinga taka zake zenye thoriamu. Fundisho lake ni kuanza kidogo, na taka zipimwe tangu siku ya kwanza na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Hivyo basi, kabla ya kuota viwanda vikubwa, Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini zingepewa jukumu moja lenye kipimo: kutengeneza kutokana na jiwe la Ngualla kloraidi ya lanthanamu iliyo safi ya kutosha kwa maabara za udongo nchini. Chumvi hiyo ikishindwa mtihani, chombo kitasema wazi. Ikifaulu, wataalamu watakaoketi siku za usoni kujadili bei ya madini haya watakuwa wanajua kilichomo ndani ya gunia.